Kompyuta isipoanza: nyaraka kwanza, mfumo baadaye

Kompyuta inayowaka taa kisha ikaonyesha maandishi kwenye kioo cheusi, yakisema faili fulani halionekani, haijafa. Mara nyingi kilichopotea au kuharibika ni mafaili machache ya mfumo endeshi, yale yanayoiongoza mashine inapoamka. Picha, barua na hesabu za mwenyewe kwa kawaida huwa bado zimo kwenye diski.

Hatua ya kwanza ni kuchomoa flashi na diski zote za nje, kwani huenda mashine inautafuta mfumo mahali usipokuwepo. Ujumbe ukirudi, huchomekwa flashi ya kusakinisha Windows, iliyotayarishwa kwa kompyuta nyingine, kisha huchaguliwa ukarabati badala ya usakinishaji. Diski iliyofungwa kwa BitLocker huenda ikadai ufunguo wa tarakimu 48.

Ukarabati ukishindikana, nyaraka zinakiliwe kwanza kwenye diski nyingine, kwa mfano kwa kutumia Linux inayoendeshwa kutoka kwenye flashi. Ndipo fundi aruhusiwe kufomati, kwa kuwa hatua hiyo hufuta vyote. Diski ikitoa mlio wa kugonga, mashine izimwe mara moja: hapo kilichoharibika ni kifaa chenyewe, si mafaili.