Michezo ya upelelezi ambamo mpenzi naye ni mtuhumiwa

Na Mwandishi Wetu

MICHEZO ya kompyuta ya upelelezi iliyotungwa kwa maandishi matupu, pasipo picha wala sauti, ina historia ya zaidi ya miaka 40. Mchezaji husoma kisa cha mauaji, huhoji watuhumiwa, hukusanya ushahidi, kisha huamua nani akamatwe.

Miongoni mwa michezo iliyoweka msingi wa fani hii ni Deadline, uliotungwa na Marc Blank na kutolewa mwaka 1982 na kampuni ya Infocom ya Marekani. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1979 na wataalamu waliotoka katika chuo cha teknolojia cha MIT.

Katika Deadline, tajiri Marshall Robner amekutwa amekufa katika maktaba ya nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Dalili zaonesha kuwa amejiua kwa kumeza dawa kupita kiasi. Mchezaji, akiwa mpelelezi, ana saa 12 za kuthibitisha kama ndivyo. Huandika amri za kukagua vitu na kuhoji watu, na kompyuta humjibu kwa maandishi.

Wakazi wa nyumba hiyo hawamngoji. Simu hulia, barua hufika, watu hutoka chumba kimoja kwenda kingine. Asiyekuwapo mahali panapohusika hukosa ushahidi. Kwa kuwa diski za zama hizo hazikutosha kubeba maandishi yote, maelezo ya mashahidi, ripoti ya maabara na hata vidonge vya mfano viliwekwa ndani ya kasha la mchezo.

Mapenzi yamo, lakini ni ya wengine: mjane wa marehemu ana mpenzi wa siri, jambo linalomtia katika shaka. Mwaka 1987 Infocom ilitoa Plundered Hearts wa Amy Briggs, kisa cha mahaba na maharamia. Humo mchezaji mwenyewe ndiye mwanamke anayependa na kupendwa.

Mwaka 2009 iliibuka kampuni ya Choice of Games, ambayo michezo yake haidai kuandika amri. Mchezaji huchagua jibu katika orodha. Aghalabu huamua pia awe mwanamume au mwanamke, na ampende nani. Njia hiyo imerahisisha kuunganisha upelelezi na mahaba katika kisa kimoja.

Hapo ndipo ugumu wa mtunzi ulipo. Akiwafanya wote wanaoweza kupendwa kuwa wasio na hatia, mchezaji atang'amua mapema na orodha ya watuhumiwa itapungua bila upelelezi. Akimbadilisha muuaji kufuatana na mapenzi ya mchezaji, ushahidi utakosa thamani. Na akimfanya mpenzi kuwa muuaji bila kuacha dalili za kutosha, mchezaji atajiona amelaghaiwa.

Suluhisho lililo la haki ni kuacha dalili zilezile wazi kwa kila mchezaji, awe amependa au hakupenda. Anayempenda mtuhumiwa asinyimwe ushahidi. Ajaribiwe tu kama yu tayari kuuamini. Akimlinda mpenzi wake na kumkamata mwingine, asiye na hatia ndiye atakayelipa gharama ya mapenzi hayo.