Mtoto wa Kando ya Ziwa na Hesabu ya Miezi

Katika Kiswahili neno moja hubeba mambo mawili: mwezi uangazao usiku, na mwezi uhesabiwao katika mwaka. Kisukuma nacho kina desturi hiyo, na neno ng'weji ni jina la vyote viwili. Kwa hiyo mtoto wa zamani katika nchi ya Mwanza hakuhitaji kitabu ili ajue miezi. Aliuona mwezi ukiandama, ukipevuka na kufifia, na kazi za nyumbani zilimwonyesha amefika wapi katika mwaka: kulima, kupalilia, kuvuna, kupumzika. Lakini miezi kumi na miwili ya kuandama ni siku 354 tu, nayo hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Mvua haifuati hesabu pungufu. Mkulima hakuwa na budi kuisahihisha kwa kutazama mawingu na nyota. Hata Kilimia, kundi la nyota lijulikanalo na wakulima wengi wa Afrika ya Mashariki, limepata jina lake katika kulima.

Hesabu ya pili ililetwa na misafara ya pwani katika karne ya 19. Waislamu wa pwani walihesabu kuanzia mwisho wa saumu: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hata Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Hesabu hiyo ilitosha kwa ibada, lakini haikutosha kwa jembe, maana kila mwezi wake huzunguka katika masika na kiangazi. Ndiyo sababu watu wa pwani wenyewe waliweka Nairuzi kando yake, wapate kujua nyakati za kilimo na za bahari.

Hesabu ya tatu iliingia kwa misheni, kama ile ya Bukumbi iliyoanzishwa mwaka 1883, na kwa shule za serikali ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza. Hapo mtoto alifundishwa Januari hata Desemba, akakutana na fumbo. Mwezi ulioitwa wa kwanza ulimkuta mama yake shambani, mbegu zimekwisha kuota, na pamba iliyopandwa Novemba na Desemba yangoja palizi. Kwa mkulima, mwanzo wa mwaka ni jembe la kwanza. Kwa shule, ulikuwa katikati ya kazi.

Fumbo hilo halikuwa la majina tu. Vijana wengi wa Usukuma walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani, na huko walikuta mwezi wa nne usiofundishwa darasani: mwezi wa kipande. Kipande kilikuwa na siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa siku hizo zilipotimia. Siku ya ugonjwa haikutiwa alama. Mwezi wa mbinguni uliweza kuisha, na wa kalenda ukaisha, na kipande kikawa hakijajaa. Aliyekariri majina kumi na mawili bila kujua kupima siku hakuwa na silaha ya kudai haki yake.

Leo mtoto wa Mwanza husema mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, na shule yake hufunguliwa Januari. Hesabu hii ina ukweli kuliko majina ya Roma, maana Septemba maana yake ni wa saba, nao umekuwa wa tisa. Hata hivyo namba peke yake ni debe tupu. Mwalimu amwulizaye mtoto ni mwezi gani ufuatao Machi amempima kumbukumbu. Amwulizaye mvua huwaje katika mwezi huo, na shambani kuna kazi gani, amempa mwaka mzima mkononi. Wazee hawakuwa na kalenda ya ukutani, lakini hawakupata kutenga jina la wakati na kazi ya wakati. Elimu hiyo haistahili kupotea kwa sababu kalenda imepatikana.