Ukerewe: Enzi Isiyoacha Magofu

Kisiwa cha Ukerewe kilitawaliwa na ukoo mmoja, Abasilanga, kwa karne kadhaa. Hata hivyo mgeni anayeshuka gatini Nansio akiuliza magofu ya enzi hiyo haonyeshwi mengi. Ataelekezwa Bukindo, kwenye jumba la watawala lililojengwa wakati wa Waingereza, jengo changa kuliko misheni ya Kagunguli. Atapandishwa kilima cha Handebezyo atazame ziwa na visiwa. Baada ya hapo anaweza kupanda feri kurudi Mwanza akiamini ametoka mahali pasipo na historia ndefu. Hoja yangu ni kwamba amepotoshwa na kipimo alichokuja nacho. Enzi ya Ukerewe ilijengwa kwa udongo, migomba na maneno. Ushahidi wake upo na unasomeka, na sehemu kubwa iko hatarini kupotea kwa sababu hatujawahi kuuhesabu kuwa ushahidi.

Kipimo hicho kina asili yake. Huko Katalunya, Uhispania, katika milima ya Priorat inayosifika kwa divai, watu husafiri kwenda kuona kijiji cha Siurana, kilichokaa ukingoni mwa genge refu la mawe. Kilikuwa miongoni mwa ngome za mwisho za Waislamu katika nchi hiyo hadi kilipoangukia mikononi mwa Wakristo katikati ya karne ya 12. Karibu na hapo kuna magofu ya Scala Dei, nyumba ya watawa wa Kikartusi iliyoanzishwa mwaka 1194. Watawa ndio walioendeleza kilimo cha mizabibu katika miteremko ile, wakaishi huko zaidi ya miaka 600, mpaka serikali ya Uhispania ilipotaifisha mali za watawa mwaka 1835 na majengo yakaporwa. Msafiri wa leo hupata vyote mahali pamoja: genge, kuta zilizobomoka na chupa ya divai. Sina ugomvi na furaha yake. Ninalopinga ni fikra iliyozaliwa na safari za namna hiyo, kwamba historia ni kitu kinachoguswa kwa mkono, na kwamba pasipo na ukuta hapakuwa na dola. Sisi wenyewe tumeipokea fikra hiyo. UNESCO iliiandika Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, na Kilwa ilistahili. Lakini mtoto wa shule anayefundishwa Kilwa bila kufundishwa dola za kandokando ya ziwa hutoka darasani akidhani utawala uliishia pwani, palipo na matumbawe ya kujengea.

Masimulizi ya Abasilanga yanawaleta kutoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, wakiongozwa na Katobaha. Walikuta watu kisiwani, wakaoana nao, wakatawala. Mtawala aliitwa Omukama, na kazi yake kuu haikuwa vita; ilikuwa mvua. Ikikosekana, au ikizidi hadi mazao yakaoza, lawama ilimwangukia yeye, na wapo waliong'olewa kitini kwa sababu hiyo. Mtu akilitafakari hilo ataelewa kwa nini hapakuwa na haja ya kuta. Nyumba zilikuwa za miti na nyasi, na makao makuu yalihama. Henry Morton Stanley alimkuta Omukama Lukonge mwaka 1875 mahali alipopaandika kwa jina la Msossi, si Bukindo panapoonyeshwa sasa. Uhalali wa mtawala ulipimwa shambani kila msimu. Ngome ya mawe isingemwongezea chochote mtu ambaye raia wake walimhesabia siku za ukame.

Utawala huo haukuwa mdogo wala haukujificha. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitoka Ukerewe kuelekea Unyanyembe na pwani, na bidhaa za pwani zikaingia. Mwanahistoria Gerald Hartwig ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1976, kuhusu jinsi biashara hiyo ya masafa marefu ilivyobadili maisha ya Wakerewe hadi mwaka 1895, na hakuyaficha madhara yake: maradhi mapya, hofu ya uchawi, watawala kushindania mali. Stanley, aliyefika kijiji cha Kageyi pwani ya kusini Februari 1875, aliweza kulizunguka ziwa kwa mashua yake, lakini hakuweza kuusafirisha msafara wake kwenda Buganda bila mitumbwi ya Lukonge. Karibu miaka mitatu baadaye, Desemba 1877, wamisionari wawili wa Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani katika ugomvi kati ya watu wa Lukonge na Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekuwa ameunda jahazi huko. Vitabu vingi vya Kizungu hulitaja tukio hilo na kuishia hapo, kana kwamba Ukerewe ilikuwepo ili wageni wafie ndani yake. Lukonge aliendelea kutawala karibu miaka 18 baada ya siku ile. Wajerumani ndio waliomwondoa mwaka 1895, wakamweka Mukaka.

Hapo ndipo misheni inapoingia kwenye tarehe hii kwa uzito. Wamisionari wa Afrika, tuwaitao White Fathers, walianzishwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, na makao yao ya Maison-Carrée yalikuwa na mashamba ya mizabibu. Ukerewe hawakuja na mzabibu. Zabibu za Tanzania zilikuja kushika Dodoma, katika ukavu wa nchi ya Wagogo. Walichokifanya Kagunguli kilikuwa kuandika. Padre Eugène Hurel alichapisha sarufi ya Kikerewe mwaka 1909, na mwaka 1911 akachapisha maelezo ya dini na maisha ya nyumbani ya Wakerewe. Na mwaka 1905 akaingia shule ya Kagunguli mtoto wa ukoo wa kitawala, mjukuu wa Omukama Machunda, aliyezaliwa mwaka 1896: Aniceti Kitereza. Kutoka hapo alipelekwa seminari ya Rubya, alikosoma kuanzia 1909 hadi 1919. Rubya iko Ihangiro. Kijana wa Abasilanga alivushwa ziwa hadi nchi ambayo wazee wake walisema wametoka, akajifunza huko Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, kisha akarudi Kagunguli kuandika kwa Kikerewe. Sijui mtawala yeyote wa ukoo ule aliyeijengea enzi yake nguzo imara kuliko mjukuu huyu asiyetawala.

Kazi yake aliimaliza Februari 1945, akitiwa moyo na padre Mkanada, Almas Simard. Ni hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, ambaye wazazi wake wanamchukua kwa sababu nduguze mume wanamsimanga kwa kukosa mtoto. Ili mke arudi, mume anatakiwa kupeleka ukweni pombe ya ndizi. Mwandishi hana haraka na pombe hiyo. Kazi yenyewe ina hatua zake: ndizi huvundikwa shimoni mpaka ziive, hukamuliwa kwa nyasi, maji yake huchanganywa na nafaka iliyokaangwa na kusagwa, kisha huachwa ichachuke. Majirani huitwa kusaidia, na kuitwa kwenyewe ni mtihani, kwani asiyeishi vizuri na watu hapati mikono ya kumkamulia. Kwa hiyo pombe ile ni hati. Inathibitisha kwamba mlipaji ana shamba lililokomaa, ana majirani na ana adabu mbele ya wakwe. Mahakama ya nchi nyingine ingedai mashahidi na karatasi ili kujua mambo hayo matatu. Wakerewe waliyajua kwa kuangalia mitungi iliyofika.

Wapo watakaosema kwamba riwaya si tarehe, na mtu wa kubuni hawezi kuwa shahidi. Pingamizi hili lina nguvu kwa majina na matukio: Myombekere hakuishi, na hakuna mwaka tunaoweza kumtundikia. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mwandishi anaweza kubuni mume na mke, ilhali namna ya kutibu utasa, kuwinda viboko, kulima, kuamua kesi na kuzika hakuibuni, maana wasomaji wake wa kwanza wangekuwa wazee wa Ukerewe wanaoyajua mambo hayo kuliko yeye. Kitereza alisema wazi nia yake ilikuwa kuhifadhi lugha na desturi za wazee. Maelezo yake yanaweza kulinganishwa na ya Hurel yaliyoandikwa zaidi ya miaka 30 kabla, na Hartwig, aliyefanya utafiti kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1960, alimtumia kama mjuzi wa historia ya nchi yake. Ushahidi unaoweza kulinganishwa na ushahidi mwingine una hadhi ya kihistoria. Gofu lenyewe halijisemei. Hata Scala Dei ingekuwa rundo la mawe kama nyaraka zisingetuambia nani aliishi pale.

Pingamizi la pili linauma zaidi. Misheni hiyohiyo ilizidharau ibada za mvua, na ilistawi chini ya dola iliyomng'oa Lukonge. Je, tumshukuru aliyebomoa kwa sababu aliandika orodha ya alivyobomoa? Jibu langu ni kwamba shukrani haihitajiki hapa. Inahitajika hesabu ya haki. Kagunguli iliipunguzia enzi ya Abasilanga maana yake, na papo hapo ikampa mtoto wa enzi hiyo wino. Yote mawili ni kweli, na la pili halilifuti la kwanza. Tena wino huo haukumfaa upesi. Aliandika kwa Kikerewe na hakupata mchapaji kwa miaka mingi, mpaka akakaa chini, mzee tayari, akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa katika vitabu viwili. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Huo ulikuwa mwaka uleule Kilwa ilipoandikwa kwenye orodha ya dunia. Baadaye Wilhelm Möhlig akaifasiri kazi hiyo kwa Kijerumani, na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, akatoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002.

Udongo nao una habari. Kisiwa jirani cha Ukara, ambacho wenyeji wake, Wakara, wana historia yao tofauti, kilichunguzwa na maofisa wa kilimo wa Kiingereza, Thornton na Rounce, walioandika juu yake mwaka 1936. Walikuta watu wengi katika eneo dogo wakiishi bila kuichosha ardhi: ng'ombe wanafugwa ndani na kukatiwa majani, samadi inabebwa hadi shambani, marejea yanapandwa katikati ya uwele ili yafukiwe kuwa mbolea, miteremko imezuiwa kwa mawe. Mti ulikuwa na mwenyewe hata pale uliposimama katika shamba la mtu mwingine. Mfumo wa namna hiyo haujengwi kwa kizazi kimoja. Kama kuna kitu katika wilaya hii kinacholingana na miteremko ya mizabibu ya Priorat kwa kazi ya mikono iliyorundikana miaka mingi, ni mashamba ya Ukara, na hayajawa gofu.

Ipo hoja nyingine ya watu wa maendeleo: msafiri hasafiri kwenda kutazama samadi, na wilaya iliyokuwa na watu 345,147 katika sensa ya 2012 inahitaji mapato. Nakubali kuhusu mapato. Sikubali kwamba nyasi na miti haviwezi kuwavuta watu. Ng'ambo ya ziwa hili hili, makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda, yaliyoezekwa kwa nyasi, yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001. Yaliungua Machi 2010, yakajengwa upya kwa ujuzi uleule wa kuezeka, na mwaka 2023 yakaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Waganda walifaulu kwa sababu koo zenye jukumu la kuezeka zilikuwa bado zinajua kazi yake. Ujuzi ndio uliokuwa kumbukumbu, na jengo lilirudi kwa kuwa ujuzi haukuungua. Ukerewe haina taasisi ya namna hiyo. Utemi ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, mihogo imechukua nafasi kubwa mezani, machungwa yamekuwa zao la sifa, na migomba ya ziwa inakabiliwa na mnyauko wa bakteria uliothibitishwa nchini mwaka 2006, Kagera. Shamba la migomba likifa, hufa pamoja nalo sababu ya kujua kuvundika na kukamua, na baada yake hufa maneno ya kazi hiyo.

Kwa hiyo jumba la Bukindo likarabatiwe, kwani ni haki yake, lakini lisimeze fedha na fikra zote. Halmashauri ya Ukerewe ianze na mambo matatu yasiyo ghali: nakala za Kitereza ziwe katika kila maktaba ya sekondari ya wilaya, wazee wanaojua Kikerewe cha shambani na cha barazani warekodiwe na vijana wa hapohapo, na anayemwongoza mgeni kutoka gatini Nansio afundishwe kumpitisha Kagunguli, alikosoma na kuandika Kitereza, kabla ya kumpandisha Handebezyo. Nawe msomaji uliyezaliwa visiwa hivi, ukienda likizo, kaa na bibi au babu yako umuulize shamba la ukoo lilianzishwa na nani, na uandike anachokuambia kwa lugha anayojibia.