Maziwa ya Tabora: Sheria Ilifuata Kiwanda, Dumu Likapita

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, Novemba 1857, maziwa ya mji ule hayakuwa na mkaguzi, ila yalikuwa na mwenyewe. Watusi walichunga ng'ombe wa Unyanyembe, nchi iliyouzunguka mji huo, kwa niaba ya wenyeji na wafanyabiashara wa Kiarabu, na mnywaji alilijua zizi. Misitu ya miombo upande wa magharibi ilijaa mbung'o, kwa hiyo maziwa hayakusafiri mbali. Hata mmisionari Livingstone alipoondoka huko Agosti 1872 aliswaga ng'ombe wa maziwa pamoja na msafara wake. Reli ilipofika mwaka 1912 na mji kupanuka, mnywaji na zizi wakaachana, na tangu hapo ndipo bwana afya amekuwa na kazi ya kweli. Tatizo ni kwamba dola imekuwa ikimweka mahali pasipopita maziwa. Sheria ya 1965 iliunda bodi ya taifa ya maziwa. Katikati ya miaka ya 1970 likaja shirika la viwanda vya maziwa, TDL, na Tabora ikapata kiwanda. Kiwandani ukaguzi ni mwepesi, kwani kila lita hupita mlango mmoja. Lakini viwanda vile viliegemea sana unga wa maziwa wa msaada, huku maziwa mengi ya wafugaji yakiendelea kunywewa nyumbani na kuuzwa mitaani. Tena kiwanda kilikuja wakati mamlaka za miji zimekwisha kufutwa, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, na hizo ndizo zilizokuwa jirani na mchuuzi. Zilirudishwa 1978, baada ya kipindupindu kuonyesha gharama ya mji usio na msimamizi. TDL nayo ikayumba, ikaishia kwenye ubinafsishaji wa miaka ya 1990.

Mchuuzi wa baiskeli hakuyumba. Hubeba maziwa kwenye dumu la plastiki kwa sababu ni jepesi na bei yake ndogo, ingawa shingo yake ni nyembamba mno kupitisha mkono wa kusugua, na utando wa jana huyachachusha ya leo. Bwana afya akimsimamisha, mara nyingi silaha yake ni laktomita, inayotarajiwa kusoma kati ya 1.028 na 1.032 hivi. Anayeongeza maji hushusha kipimo. Anayeengua mafuta hukipandisha. Anayefanya yote mawili kwa hesabu hupita salama. Na hata kisipodanganywa, kipimo hicho hakioni kifua kikuu wala brusela.

Wapo watakaosema jiko la nyumbani limekwisha kutatua hilo, maana watu huchemsha. Huchemsha ya chai, kweli. Mtindi je? Mwingi hugandishwa kwa maziwa mabichi, na uchachu wake hauui kila kijidudu. Wengine watataka maziwa ya dumu yapigwe marufuku kabisa. Nauheshimu woga wao, kwa kuwa anayeumia kwanza ni mtoto, lakini marufuku humfanya mchuuzi apite alfajiri kwa njia ya uchochoroni, asionekane na mtu wa kumpima.

Kenya ilijaribu njia ya kuwabana wachuuzi kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bodi ya Maziwa ya huko ilianza kuwafundisha wachuuzi wadogo usafi na upimaji, kisha kuwapa leseni, na makopo ya alumini yenye mdomo mpana yakawa sehemu ya somo. Tanzania ina Sheria ya Maziwa ya 2004 na bodi yake, na tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, kwa hiyo hatukosi mamlaka. Itasemwa kwamba mchuuzi wa Tabora hamudu bei ya kopo la alumini. Hamudu kulilipa kwa mkupuo. Manispaa inayomtoza ada ya leseni inaweza kumkopesha kopo, ikakata deni kidogo kidogo kila anapokuja kuhuisha leseni, na siku hiyohiyo bwana afya akalifunua na kuingiza mkono hadi chini.