Rafu ya PS2 ilikuwa na kila kitu

Machi 4, 2025, PlayStation 2 ilitimiza robo karne tangu ilipoingia madukani Japani. Sony inasema imeuza zaidi ya mashine milioni 160. Katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam na Nairobi, wengi waliijua kwa jambo moja: gemu ya soka ya Winning Eleven, pedi mbili zilizochakaa, na anayefungwa anapisha.

Duniani, hata hivyo, gemu zake zilizouzwa sana hazifanani hata kidogo. Grand Theft Auto: San Andreas, ya ujambazi wa mitaani, iliuza nakala milioni 17.33 kwenye PS2 pekee. Gran Turismo 3, inayomtaka mchezaji ajue kupunguza mwendo kabla ya kona, iliuza milioni 14.89. Final Fantasy X, hadithi ndefu ya safari na imani, ilipita milioni 8. Ziko pia Tekken za ngumi na mateke, na Guitar Hero iliyomshikisha mtu gitaa la plastiki. Diski ya DVD, yenye nafasi kubwa kuliko CD ya PlayStation ya kwanza, iliwapa watengenezaji uwanja wa kujaribu.

San Andreas yenyewe ilikuwa gemu nyingi ndani ya moja. CJ, mhusika wake mkuu, anaendesha ndege, anacheza kikapu na kamari. Ukimlisha baga kupita kiasi ananenepa, na ukimpeleka jimu anajaa misuli.

Juni 2005 ukazuka ugomvi. Mholanzi mmoja alisambaza kiraka cha toleo la kompyuta kilichofungua sehemu ya ngono ya CJ na mpenzi wake, ikaitwa Hot Coffee. Rockstar, watengenezaji, wakasema ni kazi ya wadukuzi. Utetezi huo haukudumu: ikabainika kwamba sehemu hiyo ilikuwamo kwenye diski tangu mwanzo, zikiwemo za PS2. Seneta Hillary Clinton akadai uchunguzi wa serikali. Julai 20, bodi ya Marekani inayopanga gemu kwa umri iliihamisha San Andreas kutoka kundi la miaka 17 kwenda la watu wazima tu, na maduka makubwa yakaiondoa. Siku 5 baadaye, Baraza la Wawakilishi la Marekani likaunga mkono uchunguzi kwa kura 355 dhidi ya 21. Mwaka 2006 tume ya biashara ya serikali ikamaliza suala hilo kwa makubaliano na kampuni, bila faini ya papo hapo.

Kelele hizo ziliwafanya wengi waamini kwamba PS2 ilikuwa mashine ya fujo. Si haki. Familia hiyohiyo iliyoogopa San Andreas ingeweza kununua EyeToy, ambayo mtoto aliicheza kwa kupunga mikono mbele ya kamera.

Utengenezaji wa mashine ulikoma kufikia mapema 2013. Baadaye mwaka huo likaja toleo lake la mwisho la Pro Evolution Soccer, jina jingine la Winning Eleven.

Kinachouma ni yaliyofuata. Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulionyesha kuwa kati ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010, ni asilimia 13 tu zilizokuwa bado zinauzwa. San Andreas inapatikana, lakini tangu 2014 matoleo kadhaa yamepoteza nyimbo zake kwa sababu leseni zimeisha. Kampuni zilizovuna mabilioni zinaweza kulipia leseni hizo, na zinapaswa kufanya hivyo sasa, diski za zamani zikiwa bado zinasomeka.