Sahani ya Diwali Katika Mwezi wa Ramadhani: Historia Fupi ya Salamu Zetu Mtwara

Katika kumbukumbu hii ya hekalu letu, wenzetu wameandika juu ya jengo, wafadhili na viongozi waliotutangulia. Sisi tumeombwa kueleza jambo dogo ambalo halikuwekwa katika daftari lolote la hekalu, nalo ni namna tulivyojifunza kutakiana heri za sikukuu na majirani zetu wa dini nyingine.

Wazee wetu hawakuanzia hapa bandarini. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, forodha za pwani ya Sultani wa Zanzibar zilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu kutoka Kutch, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na maduka Mikindani zamani kabla Mtwara haijawa mji. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947, uliachwa mwaka 1951, lakini ulituachia bandari yenye kina kirefu, na biashara ikaifuata bandari hiyo.

Hapo Mtwara majirani walikuwa wa kila namna. Waislamu wa pwani walikuwa wengi. Wakristo waliteremka kutoka upande wa Masasi, ambako misheni ya Kianglikana ilianza mwaka 1876, na kutoka Ndanda, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1906. Hata miongoni mwetu tuliozungumza Kigujarati walikuwapo Mabohora na Waismailia, ambao ni Waislamu. Mtoto wa dukani alipaswa kujua kalenda kadhaa kabla hajajua bei za vitambaa.

Salamu zenyewe hazikuwa ngeni kwetu kama mtu angedhani. Siku inayofuata Diwali ndiyo mwaka mpya wa Wagujarati, nasi husema “Saal Mubarak”. Saal ni mwaka kwa Kiajemi, na mubarak ni neno la Kiarabu, lile lile la “Idd Mubarak”. Asubuhi hiyo watoto wetu huinama na kugusa miguu ya wakubwa ili wapate baraka. Mswahili naye humwamkia mkubwa wake “Shikamoo”, neno ambalo wazee wa pwani hutueleza kuwa asili yake ni “nashika miguu yako”. Kwa hiyo hatukuona shida kumwambia Mwislamu “Idd Mubarak”, Mwismailia “Khushiali Mubarak”, na Mkristo “Krismasi njema”. Kwa kusema hivyo hatukuwa tumeiacha dini yetu.

Ugumu ulikuwa katika kujua wakati. Ijumaa Kuu si siku ya kumtakia Mkristo furaha. Heri ya Pasaka husubiri Jumapili. Mwezi wa Muharram hufungua mwaka wa Kiislamu, lakini kwa Bohora ni siku za maombolezo ya Karbala, na anayemwendea kwa bashasha za mwaka mpya humtonesha kidonda. Tena kuna Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, hivyo Ramadhani huzunguka majira yote. Kalenda yetu nayo hufuata mwezi, lakini huongezewa mwezi mmoja karibu kila mwaka wa tatu, ndiyo maana Diwali haitoki Oktoba na Novemba, msimu ambao korosho zinaingia maghalani. Kila baada ya miaka 32 au 33, Diwali na siku za mwisho za Ramadhani hukutana.

Zilikutana mwaka 1972 na mwaka 1973, sisi tukiwa watoto. Ulikuwa wakati mzito kwa jumuiya yetu. Sheria ya mwaka 1971 ilikuwa imehamishia serikalini majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi zilikuwa zikifunga mizigo kwenda Dar es Salaam, Uingereza na Kanada. Nyumba zenye taa za udongo madirishani zilipungua kila mwaka. Waliobaki waliendelea kupika ladu na jalebi na kuzipeleka kwa majirani. Walioondoka, hata hivyo, walikuwa wengi wao akina mama na wazee, na waliondoka na mambo ambayo hakuna aliyefikiri kutuuliza kama tunayajua.

Tulilitambua hilo mwaka 2004, Diwali ilipoangukia tena katika siku za mwisho za mfungo. Kwa mazoea yetu tulituma sahani za peremende za Diwali asubuhi. Jirani mmoja, mzee wa Kimakonde aliyefunga Ramadhani tangu ujana wake, aliipokea sahani kwa mikono miwili, akaifunika kitambaa, akasema, “Ahsanteni wanangu, tutafuturia.” Hakuongeza neno. Kijana wetu alirudi dukani akasema mzee amefurahi. Ni mama mmoja mkongwe wa jumuiya yetu, aliyekuwa ameketi nyuma ya kaunta, aliyeuliza: “Mmempelekea mtu aliyefunga chakula saa tatu asubuhi?” Ndipo akatueleza kwamba mwaka 1972 mama zetu waliweka sahani tayari jikoni, wakangoja adhana ya magharibi, kisha wakawatuma watoto. Sisi ndio tulikuwa watoto wale. Tulikumbuka mbio za gizani na utamu wa kulamba vidole, lakini sababu ya kungoja hatukuikumbuka.

Jioni ile tulikwenda kwa mzee kuomba radhi. Alicheka, akatukaribisha tende. Siku ya Idi sahani yetu ilirudi, kwa kuwa pwani sahani ya jirani hairudi tupu, nayo ilikuwa imejaa tambi za sukari na visheti. Hapakuwa na nyama hata kidogo. Yeye hakuwa amesahau kwamba sisi hatuli nyama. Mwaka 2005 na mwaka 2006, sikukuu zilipokaribiana tena, tulingoja adhana.

Miaka ya karibuni vijana wetu wamependekeza bango moja getini lenye maneno “Heri ya Sikukuu”, litumike mwaka mzima ili pasiwe na kukosea. Tunaelewa nia yao. Salamu hiyo ni njema kwa mteja usiyemjua dini yake. Lakini jirani uliyeishi naye miaka 30 unaijua sikukuu yake, naye anajua kwamba unaijua. Ukimpa salamu ya watu wote, atajiuliza umeanza lini kumsahau. Afadhali kuitaja sikukuu yake kwa jina na siku moja ukosee, kama sisi tulivyokosea, kwa maana kosa la namna hiyo husahihishika kwa kuvuka barabara jioni.

Kwa hesabu ya kalenda, Diwali na mwisho wa Ramadhani zitakutana tena mwaka 2037 na mwaka 2038. Wengi wetu tunaoandika haya hatutakuwapo, na mama yule ameshatutoka. Kwa hiyo tunawaachia vijana wa hekalu hili maandishi haya: pikeni mapema, funikeni sahani, ngojeni adhana ya magharibi, ndipo mvuke barabara. Mkifika mlangoni semeni “Ramadhani Karimu” kwanza. Habari za Diwali mwenye nyumba atawauliza mwenyewe.