Nani Alihisi kwa Niaba ya Mashine?

Kariokor si jina la mtu wala la mto. Ni Carrier Corps, kikosi cha wabebaji mizigo wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, jina lililopinda kwenye ndimi za watu wa Nairobi. Makongeni ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Hiyo ndiyo historia ya Eastlands kwa ufupi: mitaa ya kulaza watu wanaoendesha kitu ambacho si chao.

Kiwanda cha kizazi chetu hakina moshi. Kimoja kilikuwa kando ya Mombasa Road, ofisi za kampuni ya Sama. Kuanzia Novemba 2021, OpenAI iliitumia Sama maelfu ya vipande vya maandishi. Job ilikuwa kusoma na kuweka alama: hii ni chuki, huu ni ukatili, hii ni dhuluma ya kingono kwa mtoto. Kutokana na alama hizo, programu ingejifunza kutambua uchafu wa aina hiyo na kuuzuia. Jarida la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba wasee hao walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. ChatGPT ilikuwa imetoka tarehe 30 Novemba 2022, na dunia ilikuwa inashangaa adabu yake.

Sasa kila mtu anauliza kama akili unde ina hisia. Swali hili ni la zamani. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake iitwayo ELIZA, ambayo mara nyingi iligeuza tu maneno yako kuwa swali. Ukiandika una huzuni, inakuuliza kuhusu huzuni yako. Watu waliifungulia mioyo. Weizenbaum alishtuka, na kwa miaka mingi akaonya kwamba kupiga hesabu si sawa na kupima jambo kwa utu.

Nairobi imetuonyesha upande ambao ELIZA haikuwa nao. Chukua sentensi moja kuhusu mtoto anayeumizwa. Kwa programu, hizo ni namba. Kwa msomaji, tumbo linakaza, anamkumbuka mpwa wake, halafu anabonyeza alama. Programu inachukua alama na kuacha hisia. Hisia inapanda matatu na mwenyewe hadi kejani.

Sama ilisema wafanyakazi walikuwa na nafasi ya kuwaona washauri nasaha. Lakini Julai 2023, wanne waliowahi kufanya kazi hiyo walipeleka ombi bungeni wakitaka uchunguzi, wakieleza jinsi ilivyowaharibu kiakili. Na Desemba 2024 ikaripotiwa kwamba zaidi ya watu 140 waliochuja video na picha za Facebook jijini humu walikuwa wamepatikana na msongo wa baada ya kiwewe, kwa mujibu wa ripoti za daktari zilizofikishwa mahakamani.

Kwa hivyo mashine haina huruma wala kinyaa. Ina kumbukumbu ya kinyaa cha watu, kilichonunuliwa kwa saa. Tukisema ina akili kuliko sisi, tunafuta majina ya waliolipia akili hiyo kwa usingizi wao.

Eastlands imewahi kukataa kufutwa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alidai uhuru hadharani. Mwezi uliofuata akakamatwa, na Nairobi ikagoma. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wa ChatGPT, Facebook na TikTok walikutana jijini humu wakapiga kura kuunda chama chao. Hakuna programu iliyowaambia wafanye hivyo. Walikuwa wamechoka, walikuwa na hasira, na kila mmoja aliijua hasira ya mwenzake bila kuwekewa alama.